Sarafu Haikuwaua

Ndege ikianguka, mara nyingi geji zake husimama palepale zilipofikia. Ndiyo maana mpelelezi wa ajali akifika huinama kwenye dashibodi hata kabla ya kuitazama injini. Asubuhi ya tarehe 3 Februari 1959, katika shamba la mahindi lililokwisha vunwa kaskazini mwa jimbo la Iowa, Marekani, geji ya mwendo ilikutwa imekwama kati ya maili 165 na 170 kwa saa. Geji ya kupanda na kushuka ilisema ndege inashuka futi 3,000 kwa dakika. Na kile chombo kinachomwonyesha rubani iwapo mabawa yamekaa sawa kilisema ndege imelalia kulia nyuzi 90, pua ikitazama chini.

Mimi ni fundi wa vyombo hivyo, sasa nimestaafu. Karibu maisha yangu yote ya kazi yamepitia kwenye karakana za ndege ndogo pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nikifungua geji, nikizisafisha, nikizipima, nikizirudisha mahali pake. Kwa hiyo mtu akinitajia kifo cha Buddy Holly, sifikirii nyimbo kwanza. Nafikiria zile namba tatu. Ndege iliyoharibika injini haianguki hivyo. Hiyo ni ndege nzima, injini inanguruma vizuri, ikiendeshwa kwa kasi kwenda ardhini na mtu ambaye huenda aliamini kwamba anapaa.

Ndani walikuwemo vijana wanne. Buddy Holly, miaka 22. Ritchie Valens, mwimbaji, miaka 17. J.P. Richardson, mtangazaji wa redio kutoka Beaumont, Texas, aliyejiita The Big Bopper jukwaani, miaka 28. Na rubani, Roger Peterson, miaka 21. Hakupona hata mmoja.

Kila anayekisimulia kisa hiki hukimbilia sarafu. Nitaifikia. Lakini naona ni haki tuanze na aliyekuwa Buddy Holly, maana siku hizi vijana wengi wanaijua miwani yake tu.

Alizaliwa Lubbock, Texas, tarehe 7 Septemba 1936, akaitwa Charles Hardin Holley. Ile herufi "e" ya jina lake ilidondoka kwenye mkataba wake wa kwanza wa kurekodi, naye akaliacha jina likae hivyo. Kaburini kwake imerudishwa. Lubbock ni mji wa pamba na upepo, na muziki wake ulikuwa wa kanisani na wa kantri. Mwaka 1955 Elvis Presley alipita pale, na kijana huyu akaanza kuupiga ule muziki mpya wa rock and roll. Mwezi Februari 1957 alikwenda na wenzake kwenye studio ndogo ya Norman Petty mjini Clovis, New Mexico, wakarekodi "That'll Be the Day". Kufika Septemba wimbo huo ulikuwa namba moja Marekani. Bendi iliitwa The Crickets, yaani nyenje.

Umaarufu wake ulidumu mwaka mmoja na nusu tu, lakini mambo aliyoyafanya ndani ya muda huo ni mengi mno. Alikuwa akitunga nyimbo zake mwenyewe wakati waimbaji wengi walikuwa wakipewa nyimbo na kampuni. Aliisimamia studio kama fundi anavyoisimamia kazi yake, akijaribu sauti moja kurekodiwa juu ya nyingine. Bendi yake ya magita mawili, besi na ngoma ndiyo sura ambayo bendi za rock zimeivaa mpaka leo. Machi 1958 alizunguka Uingereza, na mwaka huohuo vijana wa Liverpool waliorekodi sahani yao ya kwanza kabisa walichagua "That'll Be the Day". Miongoni mwao walikuwa John Lennon na Paul McCartney. Baadaye walipotafuta jina la bendi waliwakumbuka wale nyenje, nao wakajiita kwa mdudu mwingine, Beatles.

Sasa jiulize: kijana wa namna hiyo alitafuta nini ndani ya basi bovu huko Iowa, katikati ya majira ya baridi?

Alitafuta pesa. Agosti 1958 alimwoa María Elena Santiago, msichana mwenye asili ya Puerto Rico aliyekutana naye New York na kumposa siku ileile waliyotoka pamoja mara ya kwanza. Wakahamia New York, mtaa wa Greenwich Village. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameachana na Petty na pia na wenzake wa The Crickets, na mapato ya nyimbo yakawa yamekwama mikononi mwa Petty. Mke alikuwa mjamzito. Msanii ambaye nyimbo zake zinapigwa kila redio hakuwa na kodi ya nyumba ya uhakika. Wanamuziki wa kwetu wakisoma hapo hawatashangaa.

Ndipo ikaja ziara iliyoitwa Winter Dance Party. Ilianza Milwaukee tarehe 23 Januari 1959, na ratiba yake ilikuwa miji 24 kwa siku 24. Ukiichora kwenye ramani utadhani aliyeipanga hakuwahi kuiona ramani. Leo wako mashariki, kesho magharibi, keshokutwa wanarudi karibu na walikotoka juzi, safari nyingine zikifika maili mia tatu au mia nne kwa usiku mmoja. Mabasi yalikuwa ya zamani, yakiharibika moja baada ya jingine, na vifaa vyake vya kupasha joto havikufanya kazi. Usiku wa kuamkia Februari mosi basi lilizimika barabarani kaskazini mwa Wisconsin, baridi ikiwa chini kabisa ya sifuri. Wanamuziki walichoma magazeti ndani ya basi ili wapate moto. Mpiga ngoma wa Holly, Carl Bunch, aliungua miguu kwa baridi akalazwa hospitali, na ziara ikaendelea bila yeye. Mwanamuziki amelazwa kwa sababu ya basi, na hakuna aliyesema tusimame.

Tarehe 2 Februari wakapiga Clear Lake, Iowa, kwenye ukumbi wa dansi uitwao Surf Ballroom. Hata siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Mji huo uliingizwa kwenye ratiba baadaye ili pengo lisikae bure. Kesho yake walitakiwa Moorhead, Minnesota, zaidi ya maili 350 kutoka hapo, na njia ilikuwa barafu tupu. Holly akachoka. Akaulizia ndege ya kukodi kutoka mji jirani wa Mason City hadi Fargo, ng'ambo tu ya mto kutoka Moorhead. Alitaka kufika mapema, alale kitandani, afue nguo. Nguo chafu zilikuwa sehemu kubwa ya mpango huo. Nauli ilikuwa dola 36 kwa kila mtu.

Ndege ilikuwa Beechcraft Bonanza ya mwaka 1947, injini moja, viti vinne, mkia wa umbo la V. Nimezigusa Bonanza za baadaye. Ni ndege nzuri, nyepesi na ya kasi, na kasi hiyo ndiyo tabu yake: ukiiachia pua ikaanza kushuka, haikungoji ufikiri.

Viti vya abiria vilikuwa vitatu. Holly alikuwa amewapangia wapigaji wake wawili, Waylon Jennings wa besi na Tommy Allsup wa gita. Richardson alikuwa na mafua makali na mwili mkubwa usiotosha kwenye kiti cha basi, akamwomba Jennings amwachie nafasi, Jennings akakubali. Holly aliposikia akamtania, akasema anaomba basi lao ligande tena njiani. Jennings akamjibu kwa utani kwamba naye anaomba ndege yao ianguke. Huyu Jennings baadaye akawa nyota mkubwa wa muziki wa kantri, na alikiri kwamba sentensi hiyo ilimkalia moyoni miaka mingi.

Ritchie Valens naye alimsumbua Allsup jioni nzima amwachie kiti. Mwishowe, kwa simulizi ya Allsup, walirusha sarafu ya nusu dola, Valens akashinda.

Valens alikuwa mtoto wa Pacoima, California, wa ukoo wa Kimeksiko, jina lake kamili Richard Steven Valenzuela, na aliogopa ndege. Alikuwa na sababu. Tarehe 31 Januari 1957 ndege mbili, moja ya majaribio ya kampuni ya Douglas na nyingine ya kivita, ziligongana angani, na mabaki yakaanguka kwenye uwanja wa shule ya Pacoima wakati wanafunzi wakicheza. Watoto watatu walikufa. Valens alisoma shule hiyo. Siku hiyo hakuwepo kwa sababu alikuwa kwenye mazishi ya babu yake. Miaka miwili na siku mbili baadaye alikuwa akiomba kiti ndani ya Bonanza. Baridi ya lile basi ilimshinda nguvu ile hofu.

Hapo ndipo ninapoachana na wasimuliaji wengi. Sarafu ni kisa kitamu kwa sababu inatupa majaliwa, na majaliwa hayana mtu wa kuulizwa. Lakini sarafu ile iliamua nani aketi wapi, basi. Hata ingeangukia upande wa pili, viti vitatu vingejaa, ndege ingepaa, na ingeanguka palepale. Allsup angekufa, Valens angeishi. Maswali yenye majibu yanahusu basi, taarifa za hali ya hewa, na chombo kimoja chenye upana wa kiganja.

Peterson alikuwa rubani kijana mwenye saa 711 angani, na 128 kati ya hizo kwenye Bonanza. Si mgeni wa kazi. Alichokosa ni leseni ya kurusha kwa vyombo peke yake, yaani kurusha pale ambapo rubani haoni kitu nje. Alikuwa amejifunza, lakini mtihani wake wa mwaka uliotangulia alifeli. Kampuni aliyoifanyia kazi nayo iliruhusiwa kurusha tu pale rubani anapoona nje kwa macho yake. Jioni ile aliulizia hali ya hewa zaidi ya mara moja. Akaambiwa hali ni ya kuridhisha njia nzima. Hakuambiwa kwamba yalikuwepo matangazo mawili ya tahadhari, ya theluji na barafu, kwenye njia yake. Alifanya kinachotakiwa, akauliza, na waliokuwa na jibu hawakumpa lote.

Ndege ilipaa kama saa saba kasoro dakika tano usiku. Upepo ulikuwa mkali, theluji nyepesi ikidondoka. Ikapaa kuelekea kusini, ikageuka kushoto, ikashika njia ya kaskazini-magharibi. Mwenye ndege alisimama uwanjani akiitazama taa ya mkia. Kiasi cha maili tano hivi aliiona ikishuka taratibu mpaka ikapotea. Wakaita kwa redio, kimya. Wakaita tena na tena. Kulipokucha alirusha ndege nyingine kuifuata njia ileile, na kama saa tatu na nusu asubuhi akayaona mabaki shambani, yamebingirika hadi kwenye ua wa waya.

Nini hasa kilitokea ndani ya zile dakika chache? Nitaeleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza vijana wa karakana.

Usiku ule hapakuwa na kitu cha kutazama nje. Iowa ni mashamba matupu, taa za nyumba ziko mbalimbali, juu mawingu, chini theluji, mbele theluji inayoruka. Rubani wa namna hiyo amebaki na mwili wake na vyombo vyake, na mwili ni mwongo. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji, ndiyo inayotuambia tunageuka. Zungusha bilauri ya maji taratibu: mwanzo maji hubaki nyuma, kisha huanza kuzunguka pamoja na bilauri, na hapo hakuna tofauti tena kati ya yanayozunguka na yaliyotulia. Sikio hufanya vivyo hivyo. Ndege ikilala upande polepole, baada ya muda mfupi rubani huhisi amekaa sawa kabisa. Pua inashuka, kasi inapanda, yeye anahisi kiti kinamsukuma kutoka chini na kudhani anapaa. Akivuta usukani wakati mabawa yamelala, anaukaza tu mzunguko. Hii haibagui mzungu wala mwafrika, mwanafunzi wala mkongwe. Dawa yake ni moja: usiuamini mwili, amini vyombo.

Sasa, Peterson alifundishwa kwa chombo kinachoitwa upeo bandia wa kawaida, ambacho kina alama ya kindege na mstari wa upeo wa macho. Dashibodi ya Bonanza hii ilikuwa na kingine, cha kampuni ya Sperry, aina ya F3, chenye tufe linaloelea nyuma ya kindege. Mlalo wa mabawa kinauonyesha vizuri. Lakini habari ya pua, iwapo inapanda au inashuka, kinaionyesha kinyume kabisa na kile alichozoea. Fikiria kijana wa miaka 21 gizani, ndege inayumbishwa na upepo, ana sekunde chache za kuangalia, na chombo kinamwambia kwa lugha yake kwamba anashuka, na lugha aliyofundishwa yeye inasema hiyo ni kupanda.

Chombo hakikuharibika. Hilo nalisisitiza kwa sababu mafundi wenzangu hukasirika vyombo vinaposingiziwa. Kilifanya kazi yake mpaka mwisho; ndicho kilichobaki na zile nyuzi 90. Ila kuwa na vyombo viwili vinavyosema jambo moja kwa ishara zilizopishana, kisha kumpa rubani asiyezoea, ni mtego. Kwenye karakana niliyofanyia kazi, geji iliyobadilishwa kwa aina nyingine ilikuwa haitoki mlangoni mpaka rubani aketi nayo chini, injini ikiwa imezimwa. Vijana waliona nawachelewesha.

Bodi ya Usafiri wa Anga ya Kiraia ya Marekani ilitoa ripoti yake Septemba 1959. Chanzo kikuu, ilisema, ni uamuzi usio wa busara wa rubani kuanza safari ambayo ingehitaji kurusha kwa vyombo. Ikaongeza mawili yaliyochangia: upungufu mkubwa katika taarifa za hali ya hewa alizopewa, na kutokijua vizuri chombo kile. Ripoti haikuligusa basi. Wapelelezi wa ndege huanzia uwanjani. Sababu ya mtu kufika uwanjani si kazi yao.

Uvumi haukukosa. Miezi miwili baadaye bastola ya Holly iliokotwa shambani, na watu wakaanza kunong'ona kwamba palikuwa na risasi ndani ya ndege. Kwa nini Richardson alikutwa mbali na mabaki, wakauliza, kama hakuwa amesimama akatembea kutafuta msaada? Mwaka 2007 mwanawe, aliyezaliwa baada ya baba kufa, aliomba mwili ufukuliwe. Mtaalamu wa mifupa Bill Bass aliupiga eksirei. Hakukuwa na risasi, na mifupa ilikuwa imevunjika kiasi ambacho hakuna mtu angepiga hatua hata moja. Alikufa papo hapo. Zile geji tatu zilikuwa zimeshasema hivyo tangu mwanzo.

Msomaji wa kwetu ana njia yake ya karibu zaidi ya kuielewa ajali hii, nayo ni mwimbaji Jim Reeves. Nyumba gani ya kizazi changu, Kenya au Tanzania, haikumjua Jim Reeves? Alikufa tarehe 31 Julai 1964 karibu na Nashville, akirusha mwenyewe ndege ya Beechcraft Debonair, ambayo ni Bonanza iliyobadilishwa mkia. Aliingia kwenye mvua ya radi, akapoteza kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 1963, mwimbaji Patsy Cline alikufa Tennessee kwa namna hiyohiyo, na rubani wake naye hakuwa na leseni ya vyombo. Watu wa muziki walikuwa wakikodi ndege ndogo kwa sababu zilezile: miji iliyopangwa vibaya, barabara ndefu, na jukwaa linalosubiri kesho jioni.

Familia ya Holly haikupata habari kwa heshima. Mama yake alisikia kupitia redio, na mkewe kupitia televisheni. María Elena alipoteza mimba muda mfupi baadaye. Mazishi yalifanyika Lubbock tarehe 7 Februari, na mkewe hakuhudhuria.

Mwaka 1971 Don McLean alitoa wimbo "American Pie", ambao uliiita siku ile siku ya kifo cha muziki. Siku ajali ilipotokea alikuwa na miaka 13 na alikuwa akisambaza magazeti. Wimbo huo ndio ulioirudisha ajali hii midomoni mwa watu, na sina ugomvi nao, ila muziki haukufa siku hiyo wala siku iliyofuata. Jioni ya tarehe 3 Februari onyesho la Moorhead lilifanyika kama lilivyotangazwa. Redio ya huko iliomba vijana wenyeji wajitokeze kujaza nafasi, na kundi la kijana wa miaka 15 kutoka Fargo, aliyekuja kujulikana kama Bobby Vee, likapanda jukwaani. Jennings na Allsup walipiga pia, wakiwa wameshuka kwenye basi asubuhi ileile na kupokelewa na habari. Kisha waandaaji wakatafuta waimbaji wengine wa kuziba mapengo, na ziara ikaendelea mji baada ya mji, kwa basi, hadi tarehe 15 Februari ilipofika Springfield, Illinois, ambako ndiko ilikopangwa kuishia.